Meza ya Dirishani Mwanza

Shangazi mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Nkwenda, mkulima wa kahawa na ndizi, nina mke na watoto wanne, na namshukuru Mungu nyumba yangu ina amani, ila nimejifunga kamba mwenyewe na naomba unisaidie kuifungua kabla haijanikaba. Majina nimebadilisha.

Kabla sijaoa nilikaa Mwanza miaka sita, na niliporudi watu wakaniuliza nilikuwa nakula wapi, nikasema nakula hotelini, hoteli moja ya ghorofa inayotazama ziwa, na huo ulikuwa ukweli mtupu kwa sababu nilikula humo kila siku, ila sikusema kwamba nilikuwa nakula nimesimama, jikoni, mbele ya karo, kwa kuwa nilikuwa mwosha vyombo. Shangazi wewe ni mtu wa kwetu, unajua mwanaume wa Kinyambo hata kumenya ndizi anaona haya, sasa aseme alisugua masufuria ya watu miaka sita? Nikanyamaza, wao wakajazia wenyewe, nami nikawaongezea kidogo, nikasema nilikuwa na meza yangu ya dirishani.

Tangu hapo nimekuwa ofisi. Mtu akitaka kwenda Mwanza, awe anapeleka mgonjwa au anakwenda harusini, anapita kwangu kwanza, nami namwelekeza: supu ya sato kanywe sokoni asubuhi mapema, mishikaki kaile kwenye baa ya Kirumba yenye mlango wa bluu, pale nilikuwa naitwa kuosha glasi siku za sikukuu, ingawa hilo siwaambii, wali kale hotelini kwetu lakini siyo Jumatatu, kuku usimguse, halafu jioni panda yale mawe ya juu ya ziwa ukae tu upigwe na upepo, hakuna kiingilio. Na sijawahi kumdanganya mtu kwenye chakula, wote wanarudi wananishukuru.

Mke wangu Deodatha nilimpata kwa habari hizo hizo. Sasa tunatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa, na mwenzangu hataki kitenge wala sherehe, anataka tukishauza kahawa nimpeleke Mwanza, avuke daraja la Busisi, kisha akae kwenye meza yangu na mhudumu aniambie, "Karibu tena, mzee." Gauni ameshashona.

Mwezi uliopita jirani yangu Kashaija alikwenda Mwanza na kwaya ya usharika, nikamwambia kama ninavyowaambia wote, ukifika hotelini sema umetoka kwangu. Mimi nilikuwa najisifu tu, yeye akachukulia kwamba ametumwa kwa rafiki yangu, na kwetu huendi kwa rafiki wa mtu mikono mitupu. Akabeba mkungu wa ndizi kwenye basi kutoka Nkwenda mpaka Mwanza, pamoja na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaenda kuuweka mkungu juu ya kaunta ya mapokezi. Meneja akasema hanijui. Walipokuwa wanataka kuuondoa, akatokea mpishi mkuu, mama Mukamusoni, ndiye aliyenifundisha kazi, akaukumbatia ule mkungu kama mtoto, akamwingiza Kashaija jikoni wakala pamoja. Kashaija mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akanikabidhi kifurushi, akasema, "Jirani, Mwanza wanakupenda kwelikweli!" akaenda zake huku anacheka. Nilipofungua nikakuta waya mpya wa kusugulia masufuria.

Sasa sijui aliambiwa nini huko jikoni, na anasali usharika mmoja na mke wangu. Je, nimwambie mke wangu kahawa haikufanya vizuri, safari tuiache? Au nimpigie mama Mukamusoni simu, anipangie meza na mhudumu wa kunichangamkia? Nampenda mke wangu, Shangazi, naogopa ataniona mtu mwingine. Hata sasa tukialikwa kula kwa watu, kabla sijapakua nageuza sahani kuangalia mgongo wake, mazoea hayajanitoka, na kila mara nairudisha haraka nikidhani mtu ataniuliza.

Mimi, Mzee wa Dirishani, Nkwenda.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mzee wa Dirishani. Umebadilisha majina, lakini mkungu wa ndizi umeuacha palepale juu ya kaunta! Wilaya yetu nzima ya Kyerwa ni mikungu mingapi imewahi kupelekwa mapokezi ya hoteli? Gazeti hili likishafika hapo Nkwenda, siku mbili tu linafungiwa maandazi, na mkeo anakula maandazi. Kwa hiyo fanya haraka.

Nimecheka mpaka nimefuta machozi, na sasa nakugombeza. Unaona haya kusema uliosha vyombo? Kazi hiyo Deodatha anaifanya hapo kwako mara tatu kwa siku, miaka kumi na mitano, na hajawahi kudai kwamba alikuwa amekaa dirishani. Unayemwogopa ndiye mtu pekee wa nyumba hiyo anayejua uzito wa sufuria lililoungua.

Halafu hebu nijibu. Ulijuaje kwamba wali wa Jumatatu ni kiporo cha Jumapili? Ulijuaje kuku asiguswe? Mteja wa dirishani anajua sahani yake moja. Wewe ulizipokea sahani za ukumbi mzima, ukaona kipi kimerudi kikiwa nusu na kipi kimerambwa. Ndiyo maana watu wote uliowaelekeza wamekula vizuri. Uongo wako ni kiti tu, baba. Maneno mengine yote yalikuwa ya kweli, tena ya mtu aliyeyatolea jasho.

Sasa nisikilize. Hiyo habari ya kumpigia mama Mukamusoni simu akutengenezee mhudumu wa maigizo, iache kabisa. Mama wa watu amekutumia zawadi kwa upendo, usimrudishie kazi ya kudanganya. Wala kahawa usiisingizie, haijakukosea. Jumapili hii mkishatoka kanisani na kula, chukua sufuria lililoungua kuliko yote, toa ule waya, kaa uani mchana kweupe ulisugue mbele ya mkeo. Usihutubie. Akiuliza umejifunzia wapi, mwambie. Atakasirika kidogo, na ni haki yake, mwache akasirike. Ila usishangae akikuambia alikuwa anajua. Mwanamke anayekuona kila mwaliko ukigeuza sahani, unafikiri anadhani unatafuta nini huko chini?

Kahawa ikiuzwa, nendeni. Chukueni mkungu wa pili, safari hii uupeleke mlango wa nyuma, umtambulishe mkeo kwa mama Mukamusoni kama mtu anavyotambulisha mke kwa mama yake. Baadaye ndipo mzunguke mbele, yeye na gauni lake, mkae dirishani. Itakuwa mara ya kwanza kwenu wote wawili, na hiyo ni tamu kuliko kukaribishwa tena.

Siku hiyo isiwe Jumatatu. Na mkimaliza kula, sahani irudi tupu. Kuna mtu huko nyuma anaiangalia.