Begi la Sufuria

Goba, Alhamisi usiku

Kosa la wengi ni kukariri begi badala ya kutazama kilichomo. Leo nimelishuhudia, na hasira bado ninayo.

Kwenye mazoezi ya kompyuta kuna picha ya eksirei ya begi lenye sufuria, na ubavuni mwa sufuria kuna kisu. Wanafunzi wangu, wakaguzi wa mizigo watarajiwa, wameiona mara nyingi mno. Asubuhi nikakiondoa kisu, nikawarudishia begi lilelile. Wote wakabonyeza kitufe cha hatari.

"Neema, kisu kiko wapi?" nikamuuliza mmoja wao.

"Mzee, begi hilo si tunalijua? Linakuwaga na kisu!"

Darasa likacheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikaogopa. Kisu kikihamia kwenye begi la madaftari, hawa watalipitisha.

Mchana akaja mkuu wa mafunzo. "Shikamoo mzee. Wasainie vyeti tu, Jumatatu wanaanza kazi uwanja wa ndege."

"Marahaba. Sisaini."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, mzee wangu."

"Najua. Simsainii mtu asiyetazama."

Nina wasiwasi, sifichi. Kwa umri huu nani ataniajiri tena? Na mama watoto nitamwambia...

Hata hivyo sirudi nyuma. Ijumaa na Jumamosi zinatosha kuwafundisha kutazama, mradi wapewe mabegi wasiyoyajua. Basi acha kunung'unika, mzee. Washa kompyuta, kihamishe kila kisu kwenye begi jingine leo hii, kabla hujalala.