Kidonge Mfukoni mwa Shati

Jumapili, 8 Machi
Mpira umepasuka jana! Na sindano yangu ya uzazi wa mpango ilishaisha nguvu. Kliniki wanasema dawa haijaletwa, njoo mwezi ujao. Mwezi ujao! Mshono wa upasuaji wa kuwazaa pacha haujatimiza mwaka. Daktari alinionya waziwazi: mimba nyingine upesi, kizazi kinaweza kupasuka, nife. Muuguzi kasema kuna kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, duka la dawa wanauza bila cheti, ila niwahi. Kesho asubuhi naenda.

Jumatatu, 9 Machi
Nimenyimwa. Nimenyimwa!

Muuza dawa, yule tunayemwita Miwani, kanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Cheti cha daktari kiko wapi? Nikamwambia hakitakiwi. Eti kwake kinatakiwa. Eti mume wangu anajua? Kwa sauti, foleni nzima inasikia! Nikamuuliza kama wanaume wanaonunua mipira huleta vyeti vya wake zao. Akamwita anayefuata.

Duka jingine liko ng'ambo ya mji, na pacha wote wana homa. Nimerudi kwenye cherehani, nikapachika mkono wa sare kinyume. Nikafumua. Nikapachika kinyume tena. Mshenzi yule!

Jumanne, 10 Machi
Leo kaenda Baba Pacha mwenyewe. Mara karudi na kidonge! Hakuulizwa cheti, hakuulizwa mke. Miwani kamtania tu: vipi kaka, mambo yamekolea? Wakacheka. Mimi nilifukuzwa kama mwizi!

Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

Eti njiani kawaza. Eti Mungu akipanga, sisi ni nani tupangue. Eti madaktari wana maneno mengi, na pacha ni wasichana, na mama yake anauliza mjukuu wa kiume. Anauliza! Atabeba yeye? Mkuki kwa nguruwe! Nikamkumbusha: ulinikuta kwenye damu ukalia mpaka manesi wakakutoa nje. Kakitia kidonge mfukoni mwa shati, kaketi kitandani. Tuongee kesho, mke wangu.

Kesho? Kila saa inayopita kidonge kinapungua nguvu, muuguzi alisema.

Nimemwambia avue shati nilifue. Kasema bado safi. Nimesema vua. Kajifanya anachezea simu.

Naandika hapa hapa mlangoni, beseni la maji miguuni. Shati lile halitoki humu ndani.