Kuhusu Upweke wa Samaki Uliyeniachia

Kwa Wafula, mume wangu mdogo,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka mtaa wetu wa Umoja. Mama yako hajambo, na dada yako amepona kikohozi.

Umeuliza iwapo samaki uliyeniachia anaona upweke akiwa peke yake tangini. Kunihusu mimi, hukuuliza neno.

Marehemu babu yako, ambaye wewe ni wajina wake, alifuga samaki mmoja katika chupa ya peremende tulipokuwa maharusi. Akirudi kutoka kazini kwenye reli, alimsalimu samaki kwanza. Siku moja nikamwambia, "Bwana Wafula, leo huyo ndiye atakayekusongea ugali."

Akacheka. "Unamwonea wivu samaki! Huyu hana mtu. Wewe una ploti nzima ya majirani."

"Ploti nzima haikunioa."

Alipopelekwa Mombasa kikazi, nilimchunguza samaki huyo kwa makini. Alikula vizuri na kuogelea kama kawaida. Aliyeshindwa kumaliza ugali ni mimi.

Kwa hivyo, sina ushahidi wowote wa upweke wa samaki. Ule wa nyanya yako upo, na ninakuomba kwa unyenyekevu unipigie simu Jumapili.

Ni mimi, mkeo wa kwanza,
Nyanya