Manshi ya Kupeleka Hewa

Kolwezi, tarehe 12 mwezi wa pili 2023

Ezéchiel,

Nani alikufundisha kuandikia mukubwa barua ya moteri ya gari? Miezi saba bila neno, kisha Mukendi, anayebeba barua zetu, anashuka mu kamyo yake, ananipa karatasi mbili, na zote ni radiateri, radiateri. Hata "Kaku, ulilala namna gani?" hakuna. Radiateri njo ilikubeba mu mugongo wakati ulibaki bila mama?

Basi nakusalimia mi, uone namna bantu banafanya. Yambo, bwana yangu mudogo. Mwili iko muzuri? Unakula bukari kule Johannesburg, ao mikate tu? Mi niko. Magoti inauma, jicho ya kushoto inaona nusu, mudomo ungali muzima kama unavyosikia. Vumbi ya makamyo inaingia mpaka mu sahani.

Shida yako niliielewa. Ile gari ya mashindano ikizunguka mara tano, maji inachemka. Mulitengeneza sanduku ya plastiki mbele ya kuingiza upepo, na bado inachemka. Mi sikusoma. Nilifika tu ku foyer, kule bibi za bafanyakazi ba kampuni ya mugodi balifundishwa kushona na kuandika. Lakini babu yako Kalonji alifanya miaka makumi mbili na tatu akipeleka hewa chini ya mugodi, na mi njo nilikuwa namushonea manshi zake, zile bomba za kitambaa, zikipasuka. Kwa hiyo sikia.

Hewa ni muvivu. Ukiiachia nafasi pembeni ya radiateri, ile inayopoza maji, itapita pembeni. Haitajisumbua kupenya katikati. Ziba kila kando, hata pa kupita kidole. Tena, mulango wa kuingia muliupasua, wa kutoka iko wapi? Toboa kifuniko cha moteri kwa juu, ile ya moto itoke. Na mudomo wa mbele uwe mudogo, kisha upanuke polepole. Polepole! We unapenda kukimbia.

Mukendi ameoa tena. Usimuulize.

Ni mi, Kaku yako Laurentine


Johannesburg, tarehe 3 mwezi wa ine 2023

Kaku yangu, bibi yangu wa kwanza,

Yambo, yambo, yambo, na ile miezi saba unisamehe. Uliamuka namna gani? Magoti je? Mi niko muzima. Bukari napika mi mwenyewe, inatoka mabonge, ungecheka.

Barua yako niliisoma mbele ya bantu ba garaji, nikiitafsiri neno kwa neno. Patron, mwenye garaji, aliuliza: "Huyo bibi alisomea wapi?" Nilimujibu: "Ku mashini ya kushona." Tuliziba kando zote na sponji, tukatoboa kifuniko. Mizunguko kumi na tano, Kaku, maji haikuchemka!

Sasa imebaki freni za kusimamisha gari. Zinapata moto mpaka zinawaka nyekundu, na gari haisimami pale unataka. Zinahitaji hewa yao: bomba mbili nyepesi kutoka mbele mpaka ku magurudumu, zinazojipinda, zisizoogopa moto. Za duka zilipasuka zote. Nikakumbuka ile manshi ya rangi ya majivu, mu sanduku ya chuma ya babu, chini ya kitanda chako. Nikiwa mudogo niliona ukiificha. Nitumie hiyo. Kamba niliyofunga hapa yenye mafundo mawili inaonyesha upana.

Mashindano ni mwezi wa kumi. Na dereva ni mi, Kaku. Mara ya kwanza.

Mujukuu wako, Ezéchiel


Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa tano 2023

Ezéchiel,

Yambo. Niko muzima, na we pia ubaki muzima.

Manshi sitakutumia. Ukiikosa hutaendesha, na hivyo njo vizuri. Mutoto wa nyumba hii hapandi gari isiyosimama. Tafuta kazi ya heshima. Usiniombe tena ile kintu.

Kaku yako


Johannesburg, tarehe 9 mwezi wa saba 2023

Kaku,

Yambo. Natumaini mwili iko na nguvu. Wangu iko.

Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta Kaku yangu ndani, sikumuona. Baba yangu alikufa mu shimo ya kuchimba. Mama yangu alikimbia na dereva, we mwenyewe ulinieleza. Niliye naye duniani ni we, na we unaninyima kitambaa iliyolala miaka chini ya kitanda. Juu ya nini?

Nitaendesha hata bila manshi. Hiyo ujue.

Mujukuu wako, Ezéchiel


Kolwezi, tarehe 27 mwezi wa munane 2023

Mujukuu wangu Ezéchiel,

Yambo, mutoto wa mutoto wangu. Usiniulize juu ya mwili.

"Nitaendesha hata bila manshi." Mukendi aliponisomea ile mustari, juu jicho yangu imechoka, nilimuambia atoke inje. Baba yako Tshimanga aliniambia vilevile, akisimama pale mulango iko. "Mama, nitashuka hata bila manshi."

Kampuni ilikuwa imekufa, babu yako amekufa nyuma yake. Ile manshi aliileta niishone, na hakuna mutu aliyekuya kuichukua. Tshimanga alianza kuchimba na bacreuseur, bale bachimbaji bila kampuni, mu mashimo ya mikono. We hujui namna tuliona ile kazi, sisi bantu ba kampuni. Baba yako alizaliwa mu hospitali ya kampuni, alisoma masomo ya kampuni, mi nilipiga pasi shati zake. Na sasa anarudi na matope mu masikio kama panya! Majirani balikuwa banauliza kwa sauti tamu, "Mama Laurentine, mutoto anafanya wapi siku hizi?" Nilikufa haya.

Shimo yao ilikuwa imekuwa ndefu, hewa haifiki. Mashini ya kupuliza balikuwa nayo. Manshi njo ilikosa. Aliniomba siku ya kwanza kwa kucheka, siku ya pili kwa heshima, siku ya tatu akapiga magoti chini. Na mi nilikalia sanduku. Nilikalia, Ezéchiel, na matako yangu. Nilimuambia: "Ukikosa hewa hutashuka. Utatafuta kazi ya heshima." Nilizani namuokoa.

Alishuka na benzake batatu. Balibatoa jioni, bote bamekufa. Hawakuwa na kidonda hata kimoja.

Na ile haijaisha. Mu matanga bantu balikuwa banauliza: kilifanyika nini? Mama yako Jocelyne alijua kama niliikatalia, alikuwa mu chumba siku ya tatu. Niliogopa aseme. Basi mi nilisema kwanza. Nilisimama mbele ya jamaa yote, nikamuonyesha kidole: "Huyu njo alimusukuma mutoto wangu mu shimo. Tamaa yake. Ni muchawi." Mi niko mama wa marehemu, nani angebisha? Bandugu ba babu yako balimunyoa, balitupa bitu yake mu barabara, na we uliye na miaka mbili nikakubeba mu mugongo. Hakukimbia na dereva. Hakuna dereva. Dereva nilimutunga mi.

Alikuya mara tatu na nguo zako. Mara tatu nilimurudisha ku mulango.

Manshi iko mu kifurushi. Niliikata vipande viwili na kuishona kwa upana wa kamba yako, nikaweka waya ndani inazunguka kama mbavu, mushono mara mbili, na gundi ya mupira juu. Mudomo wa mbele niliuacha mudogo. Nilifanya wiki tatu juu ya ile jicho. Uifunge mbali na pale gurudumu inageukia, isisuguliwe.

Laurentine


Johannesburg, tarehe 22 mwezi wa kumi 2023

Manshi nilifunga. Mizunguko makumi mbili ya mashindano, freni hazikuwaka. Gari ilisimama kila pahali niliomba isimame.

Kisha nilikaa chini ya ukuta, nikatia mukono mbele ya ile bomba. Hewa ilikuwa bado inatoka kidogo, upepo tu wa siku ile. Nililia mbele ya bantu.

Mama yangu iko wapi?


Kolwezi, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2023

Ezéchiel,

Hukunisalimia na hukuandika jina. Sikugombezi. Mi pia sitakusalimia, sina mudomo wa kukusalimia.

Mukendi alinieleza ulipokea kifurushi ukisimama, ukamaliza barua ukikalia pineu ya gurudumu, na hukumupa jibu. Tangu siku ile, kamyo ikipiga honi natoka inje. Alipoleta ile karatasi yako fupi nilifikiri iko ya matusi. Ningefurahi na matusi.

Mama yako iko Fungurume. Anauzisha makayabo, samaki ya chumvi, mu soko, upande wa wauza chumvi. Banamuita Mama Jocelyne wa Kolwezi. Hakuolewa. Hiyo niliijua miaka yote, Mukendi ananunua kwake na mi nakula ile samaki bila kusema neno.

Sasa fanya hivi. Omba ruhusa kwa patron yako, panda, pita Kasumbalesa ku mupaka, pita Likasi. Fungurume iko kabla ya Kolwezi: shuka pale. Usifike kwangu kwanza. Ukimuona, usimuulize kama anakujua, sema jina yako. Mupe mikono yote mbili. Kisha ile barua yangu ya mwezi wa munane uisome kwa sauti, pale soko, bantu basikie, juu mi pia nilimuchafua mbele ya bantu. Usiruke hata mustari. Ile ya sanduku pia, isome. Bandugu ba babu yako nitabaambia mi mwenyewe siku ya mungu hii inayokuya, misa ikiisha.

Ukimaliza, nyamaza. Muache yeye aseme, hata kama ni siku mbili. Akikuambia ufike Kolwezi, kuya. Akikuambia usifike, kaa naye, na mi usiniandikie.

Shuka Fungurume.

Laurentine, mama wa Tshimanga