Siku Waliyokupata

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Juzi nilifundisha kidato cha pili lile somo lako, maneno ya Kiingereza ya kupata kilichopotea. Nimelifundisha tangu nihamie Nzuguni, hapa Dodoma, na kila mwaka mifano ni mbuzi wako. Pale nyumbani Mpwapwa mbuzi akipotea, aliyemrudisha hapati uji mpaka atoe ripoti kwa Kiingereza. Kama alimtafuta mpaka akampata, "find". Kama alikuwa anakwenda zake dukani akamkuta njiani, "come across", na hapo sifa ulizipunguza kabisa. Aliyefuata kwato kwenye mchanga wa mto mpaka zizi la watu, huyo ni "trace", na uji wake uliongezwa sukari. Siku moja nikajitapa kwa "spot". Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Umemwona kwa mbali, mama. Sasa mbuzi yuko wapi?"

Juzi nilifika kwenye "trace" nikashindwa. Niliwaambia wanafunzi wasome kimya kimya, nikageukia dirishani nikalia.

Ni ile simu, Baba. Kumbukumbu zilipoanza kukutoka, ukawa unaondoka nyumbani bila kuaga. Sote tulisema unamtafuta Mama, umesahau kwamba tulishamzika. Vijana wa bodaboda wakawa wanakurudisha. Mara ya mwisho hukurudi. Walinipigia jioni, mabasi yameshaisha. Asubuhi Baba mdogo akapiga tena: "Tumempata. Njoo nyumbani." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nani asiyejua kwamba kwetu msiba hausemwi kwenye simu? Nilijua. Bado nilipita soko la Majengo nikakununulia zabibu, nikazipakata njia nzima zisipondeke. Nilipofika, mikeka ilikuwa imetandikwa uani na kina mama wameketi. Shangazi alinipokea mfuko wa zabibu kabla hajanikumbatia. Sijui zilikwenda wapi.

Tangu hapo sikuwahi kuuliza ulipatikana wapi. Niliogopa. Nyumba imefungwa, mbuzi wako kwa Baba mdogo, na kila nikienda tunazungumzia mvua na bei ya mtama. Lakini baada ya kushindwa mbele ya darasa nilimpigia, nikamwomba anieleze yote.

Alisema walifuata nyayo zako, mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Hukwenda makaburini kwa Mama. Ulishika barabara ya kuja mjini. Ulimwuliza mama mmoja muuza mkaa, "Nzuguni bado mbali? Mwanangu anafundisha huko." Alidhani unatania, akakuonyesha njia kwa kidole. Walikukuta mbele zaidi, umelala kando ya lami, kichwa upande wa Dodoma.

Kumbe ulikuwa unanitafuta mimi.

Sina pa kuliweka hili, Baba. Inauma, na sitaki kujifanya haiumi. Jumatatu narudi darasani kulimaliza somo. Nakuahidi nitalifundisha kila mwaka, hata sauti ikikatika, maana ni wewe uliyenipa.

Pumzika sasa, umetembea sana. Siku ile nilikuwa nyumbani tangu mchana, Baba, mlango wazi. Ungenikuta.

Mwanao