Saruji Ndani ya Boksi la Umeme

Mwanangu,

Chakula kimefunikwa, kipashe mwenyewe. Mtoto umchukue shuleni. Kompyuta ya mkeo usiiwashe, bado inanuka moshi.

Asubuhi alipoiwasha ililia pu! ikazimika, na picha za harusi za watu alizopewa kuzitengeneza zikaungua humo. Fundi jirani akafungua lile boksi la kuilinda kompyuta na umeme ulilomfungia mwezi uliopita. Nyaya nyembamba kama uzi, kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba, na kipande cha saruji kimegandishwa ndani ili likishikwa lionekane zito. Kitendawili: nimebeba mzigo mzito, nikifungua sina kitu. Tegua wewe mwenye duka la vifaa vya umeme.

Mkeo akasema, "Kumbe boksi langu la kwanza, lile zima, alilichomoa akampa mteja, Mama." Hakulia. Heri angelia.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Kwako hutunzwa mpita njia.

Tumekwenda kwa bibi harusi mwenye zile picha kumwambia. ~~Tufuate.~~ Usitufuate, utamwongezea mkeo aibu.

Picha za harusi yenu nazo zilikuwa humo humo. Nilimwambia mkeo amwulize fundi kama zitaokoka. Akanijibu, "Hizo hazina haraka, Mama."

Mama yako,
bibi wa mwanao