Simu Niliyokukatia

Kibugu,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini presha imetulia na yule mbuzi mwenye mimba anakula vizuri. Wajina wako, Njoka mdogo, anaota jino la pili. Hajaniacha nilale wiki nzima, lakini hajambo.

Baba, habari zako zimenifikia. Mwanao Muchangi ameniambia kwamba huko sokoni wanakuita mzee aliyekimbizwa na simu. Eti ulibeba godoro kwa mvua hadi kanisani, ukalala kwa benchi, na asubuhi ukakuta maji ya mto yako mahali pake na hata kuku wako hawajalowa. Tena umesema nikipiga siku nyingine nitangulize maji, simu ifuate. Hapo nilicheka. Halafu nikaogopa, kwa sababu wewe ukishasema umesema.

Najua kilichokuuma zaidi: mke wa mwanao alikupazia sauti, kisha akakukatia simu ukiwa bado unaongea. Kwetu hilo halifanywi. Naomba msamaha kwa ile sauti. Kwa kukuambia utoke, siombi.

Jioni ile nilishuka darajani kuangalia nguzo ya kupimia maji, kazi waliyonipa watu wa hali ya hewa. Maji yalikuwa yamepita alama nyekundu, na yakifika hapo ni lazima nipigie watu wa huko chini. Wenzako walitoka. Wewe uliuliza kama mtoto wa juzi atakufundisha mto ambao umezeeka nao.

Sasa nikwambie jambo ambalo Muchangi alinikataza, akihofia presha yako. Nguzo haikudanganya. Maji hayakufika kwako kwa sababu yalivunja ukingo huku juu, yakaingia kwetu. Ulipokuwa ukibishana yalikuwa yameshafika jikoni. Ndiyo maana nilikata. Nduma zote shambani zilienda, na lile jiko pia. Sisi wazima, tunalala kwa jirani yetu Igoki.

Jioni hiyo nilikuwa na Njoka wawili, Baba, mmoja mgongoni na mwingine kwa simu. Sikuwa tayari kupoteza hata mmoja.

Mvua bado ipo, wanasema. Nikipiga, beba blanketi utoke. Ubishi tutaumalizia ukiwa kanisani.

Igoki anakusalimu, na wajina wako pia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Gatwiri.